Fomu ni Gani, Konstas?

Wasee, leo hakuna Arsenal wala Harambee Stars. Leo ni kriketi, tena kriketi ya Australia. Najua nusu yenu mshaanza kutafuta mlango. Ngojeni kidogo. Kuna jambo nimewadanganya tangu nianze kuposti, na sijapata njia nyingine ya kulisema ila kupitia hawa jamaa wa kofia za kijani.

Wengi wenu mlinijua kwa ile video ya Julai 2025. Sekunde 40 hivi. Nimekaa kitandani, nahesabu kwa vidole: tatu, tano, ishirini na tano, sufuri, kumi na saba, sufuri. Nanyamaza. Naangalia kamera. "Jumla hamsini. Hiyo si fomu, buda, hiyo ni nauli ya Githurai." Niliweka maandishi ya Kiingereza chini, na mashabiki wa Virat Kohli kule India, ambao walikuwa na kesi yao na huyo kijana, wakaisambaza hadi simu yangu ikapata joto. Ndiyo video ya kwanza kunilipia kodi ya nyumba.

Kijana mwenyewe anaitwa Sam Konstas. Nikupe historia, kwa sababu kwenye video sikukupa.

Tangu David Warner astaafu mechi za Testi Januari 2024, Australia imekuwa ikitafuta mtu wa kufungua upigaji. Hii ni kazi ya kuingia wa kwanza, mpira ukiwa mpya, mgumu, unaruka na kupinda, na mrushaji bado hajachoka. Walimpandisha Steve Smith, haikushika. Wakamwita Nathan McSweeney, wakampa mechi tatu dhidi ya India, akapata mikimbio 72 katika zamu 6. Wakamtema. Wakati huohuo kulikuwa na mtoto wa miaka 19 wa New South Wales ambaye Oktoba 2024 alikuwa amepiga 152 na 105 katika mechi moja. Watu wakaanza kulia, aitwe, aitwe. Akaitwa.

Tarehe 26 Desemba 2024, Melbourne, zaidi ya watu 80,000 uwanjani. Anayerusha ni Jasprit Bumrah, ambaye wengi wanamwona kama mrushaji bora zaidi duniani. Na huyu mtoto anageuza gongo, anachota mpira unapita juu ya vichwa vya walinzi nyuma yake kama mtu anayechota maji kwa kikombe. Alimaliza na 60 kwa mipira 65. Kohli akamgonga bega makusudi katikati ya uwanja, akakatwa asilimia 20 ya malipo yake ya mechi. Asubuhi moja tu, na dunia nzima ya kriketi ilikuwa inamjua.

Mwezi uliofuata alienda na timu Sri Lanka lakini hakuchezeshwa. Travis Head ndiye aliyefungua, na Konstas akarudishwa nyumbani kuchezea jimbo lake. Juni wakamrudisha kwa ziara ya West Indies, na huko ndiko alikopata ile nauli ya Githurai: mechi 3, zamu 6, mikimbio 50.

Sasa sikia nilichokiacha nje ya video. Viwanja vya ziara ile vilikuwa balaa. Mechi ya mwisho, Kingston, usiku, mpira wa waridi, West Indies wenyewe walitolewa wote kwa mikimbio 27. Timu nzima, 27! Katika historia yote ya Testi ni New Zealand pekee waliowahi kupata chini ya hapo, 26, mwaka 1955. Hapo ndipo Konstas alipopata 17 na sufuri. Lakini sekunde 40 hazina nafasi ya kueleza uwanja. Zina nafasi ya kuhesabu vidole.

Mtu wa kwanza kunionyesha video hiyo ni kitu gani alikuwa mjomba wangu. Yeye ndiye aliyenifunza kriketi. Anatunza uwanja wa klabu moja hapa Nairobi. Nikiwa mdogo likizo zangu zilikuwa kukaa kivulini nikimwangalia akisukuma rola. Mchezaji wake ni Nathan Lyon, na unaweza kukisia kwa nini: kabla ya kuitwa Australia mwaka 2011, Lyon alikuwa mfanyakazi wa uwanja wa Adelaide. Mtu wa rola kama yeye, akaishia na wiketi zaidi ya 500. Wateuzi walipomwacha nje Lyon kwa hiyo mechi ya Kingston, mjomba alinuna siku tatu.

Basi nikampelekea video, nikitegemea acheke. Akaitazama mara mbili. Hakucheka.

"Huyu mtoto ana miaka mingapi?"

"Kumi na tisa, Anko."

"Na wewe ulipoacha chuo ulikuwa na mingapi?"

"Ishirini."

Akanirudishia simu, akaenda kwa rola yake. Ni hayo tu. Mjomba si mtu wa maneno mengi, lakini yale machache huwa yanakaa.

Tangu siku hiyo nilianza kufuata uteuzi wa Australia kwa macho mengine. Sitazami tena nani amepata ngapi. Natazama nani ametemwa, na ametemwa aende wapi.

Chukua Marnus Labuschagne. Mzaliwa wa Afrika Kusini, alipata nafasi yake 2019 pale Lord's kwa njia ya ajabu. Jofra Archer alimgonga Smith shingoni, Smith akapata mtikiso, na Labuschagne akawa mchezaji wa kwanza katika historia ya Testi kuingia badala ya mtu aliyepata mtikiso. Akapiga 59. Kufikia mwisho wa 2021 alikuwa namba moja duniani. Halafu ikaanza kukauka. Tangu Julai 2023 hakupiga mia tena kwenye Testi. Juni 2025, kwenye fainali ya ubingwa wa dunia ambayo Australia walipoteza kwa Afrika Kusini, wakamjaribu kufungua upigaji, akapata 17 na 22. Wakamtema.

Unajua mtu aliyekuwa namba moja duniani akitemwa anaenda wapi? Anaenda Sheffield Shield. Hii ni ligi ya majimbo, ipo tangu msimu wa 1892 na 1893, siku hizi ni majimbo sita. Mechi ya siku nne, na viti vingi ni vitupu. Ukipiga chafya mtu wa upande wa pili atakuambia pole. Hakuna Kohli. Hakuna watu 80,000. Labuschagne akarudi huko, akavaa jezi ya Queensland, na Oktoba akaanza kupiga mia baada ya mia hadi hata waliokuwa wakimcheka wakachoka. Novemba orodha ya kikosi cha kucheza na Uingereza ikatoka. Jina lake lipo.

Kwenye orodha hiyohiyo kulikuwa na Jake Weatherald wa Tasmania, miaka 31, hajawahi kuchezea Australia hata siku moja. Msimu wa kabla yake ndiye aliyekuwa amepata mikimbio mingi kuliko wote kwenye Shield. Miaka 31! Hapa kwetu ukifika 25 bila "kutoboa" unaitwa mzee, mashangazi wanaanza kukuombea.

Na Konstas? Septemba alikuwa amepiga mia akiwa na timu ya pili ya Australia huko Lucknow, India. Bado hawakumchukua. Akarudi New South Wales kucheza mbele ya viti vitupu.

Usidhani nasema wateuzi wako sawa kila mara. Hapana. Ukitaka kulia, soma habari za Brad Hodge. Desemba 2005 alipiga 203 pale Perth dhidi ya Afrika Kusini bila kutolewa. Mechi chache baadaye alikuwa nje. Alimaliza na mechi 6 tu za Testi, wastani wa zaidi ya 55. Stuart Law alipewa mechi moja mwaka 1995, akapata 54 bila kutolewa, na hakuitwa tena milele. Hao walifanya kila kitu walichoambiwa. Mlango ukafungwa hivyohivyo, kwa sababu ndani kulikuwa kumejaa. Kwa hiyo mtu akikuambia "fanya bidii, utaonekana tu", mwambie akusalimie Hodge.

Na pia kuna lugha. Wateuzi hawapendi kusema wamekutema. Watasema umepumzishwa. Watasema uwanja huu ulihitaji aina nyingine ya mchezaji. Watasema bado una nafasi kwenye mipango. Niliposikia hayo nilimkumbuka mathe. Mamangu ni mwalimu wa chekechea huko Thika, na majirani wakimuuliza kijana anaendeleaje na chuo, anasema, "Amepumzika kidogo masomo." Miaka miwili sasa nimepumzika kidogo.

Nirudi kwa kosa langu la pili, maana sikufanya moja. Desemba hii iliyopita, kabla ya mechi ya Adelaide, nilipost kwamba Usman Khawaja aende nyumbani. Hamukunipinga, wengi mlisema amina.

Khawaja alizaliwa Islamabad, akahamia Australia akiwa mdogo, akawa Mwislamu wa kwanza kuichezea Australia kwenye Testi, Januari 2011, uwanja wa Sydney. Ametemwa mara nyingi. Aliwekwa nje katikati ya mfululizo wa Uingereza 2019, na ikapita zaidi ya miaka miwili. Januari 2022 Travis Head akapata korona, Khawaja akaitwa kushikilia nafasi, Sydney tena. Akapiga 137 zamu ya kwanza na 101 ya pili. Mtu wa kushikilia nafasi! Baada ya hapo hawakuweza kumtoa.

Lakini Novemba 2025 mgongo ulimkaza pale Perth, Head akafungua badala yake na kupiga mia kwa mipira 69, na mechi ikaisha kwa siku mbili. Nikasema, na dunia yote ikasema, basi, mzee amekwisha. Brisbane hakucheza. Adelaide wakatangaza kikosi bila yeye, ingawa mgongo ulikuwa umepona. Nami nikaposti.

Mechi ilianza saa nane na nusu usiku wetu. Niko macho na bando la mjomba. Asubuhi ile kwao Smith akapata kizunguzungu, akaondolewa, na Khawaja akaingizwa dakika za mwisho. Akiwa na mikimbio 5 akapiga ovyo, mpira ukaenda moja kwa moja kwa Harry Brook. Brook akaudondosha. Nikacheka peke yangu gizani. Halafu mzee akatulia, akapiga hadi 82. Ilikuwa siku moja kabla ya kutimiza miaka 39. Januari alistaafu kwa hiari yake, Sydney, uwanja uleule alioanzia, baada ya mechi 88, na akasema wazi kwamba mgongo ulipomsumbua aliitwa mvivu kwa namna ambayo wenzake hawaitwi.

Asubuhi nikampigia mjomba kumsimulia. Akaniuliza kama namjua Aasif Karim. Nikasema namsikia tu. Akanieleza kama mtu aliyesubiri miaka mingi kuulizwa. Kombe la Dunia 2003, Durban, Kenya dhidi ya Australia, mabingwa wa dunia. Karim alikuwa amestaafu. Wateuzi wetu wakamwita tena, miaka 39. Watu wakasema huyu wa nini. Alirusha ova 8 na mipira miwili, akatoa mikimbio 7 tu, akachukua wiketi 3, na ya kwanza ilikuwa ya Ricky Ponting, nahodha wao. Australia walishinda, ndiyo, lakini walitoka jasho. Mwaka huo Kenya ilifika nusu fainali. Tangu 2011 hatujacheza Kombe la Dunia la ova 50.

"Kwa nini, Anko?"

"Mimi nalainisha uwanja kila wiki," akasema. "Wiki nyingi hakuna mtoto anayekuja kuukanyaga. Utamtema nani, na arudi wapi?"

Hiyo ndiyo siri ya Australia, kwa maoni yangu. Sidhani macho ya wateuzi wao yanashinda ya wengine. Wana mahali pa kurudi. Ukitemwa, unajua kesho asubuhi unavaa jezi gani, uwanja gani, na ni mikimbio tu inayoweza kukurudisha. Inaweza isikurudishe, muulize Hodge. Lakini mlango unaujua ulipo.

Nilikuwa nataka kumalizia hapo. Nilikuwa nishaandika aya tamu kabisa ya mwisho: kwamba sisi vijana wa Kenya hatuna Shield, kwamba ukianguka hapa umeanguka, hakuna jimbo la kurudi. Ingepata likes, najua. Nikaisoma mara mbili, nikaifuta. Kwa upande wangu ilikuwa uongo.

Nyote nimewaambia niliacha chuo kwa sababu ya karo. Nimeisema kwenye video, nimeisema kwenye mahojiano, nimeisema kwa mama. Karo ilikuwa shida, ni kweli. Lakini karo ya muhula ule ilikuwa imelipwa. Mama alikuwa amekopa kwa chama chao.

Kilichotokea ni kwamba nilianguka masomo matatu. Mwaka wa pili, muhula wa pili. Na sikufukuzwa. Ratiba ya mitihani ya marudio, zile sapu, ilibandikwa ukutani, tarehe tatu, chumba kimoja. Niliipiga picha kwa simu. Bado ninayo. Siku ya mtihani wa kwanza niliamka, nikaoga, nikavaa, nikafika hadi getini. Nikaona madogo wa mwaka wa kwanza wakiingia, na mmoja wao ananijua. Nikafikiria jinsi atakavyoniona nimekaa na wale wa kurudia. Nikageuka, nikapanda matatu.

Hiyo ndiyo ilikuwa Shield yangu. Viti vitupu, hakuna kamera, watu watatu wanakuangalia na mmoja wao anasinzia. Niliogopa kuonekana nikicheza huko. Halafu mwaka mmoja baadaye nikakaa kitandani na kumhesabia vidole mtoto ambaye alitemwa mbele ya dunia nzima na wiki chache baadaye akavaa pedi tena.

Sasa kuna karatasi hapa mezani. Fomu ya kuomba kurudi chuoni. Mwisho ni Ijumaa. Inauliza sababu ya kuondoka, na imeacha mistari minne. Nimekaa nayo siku tisa. Ukiniuliza fomu ni gani, fomu ni hii, halisi, ina hadi sehemu ya muhuri.

Sina uhakika watanichukua. Pia sitaacha hii kazi. Nyinyi ndio mnaolipa kodi yangu. Ile video ya Konstas sitaifuta, maana kuifuta ni kujificha kwingine. Nimebandika komenti juu yake: hesabu ya uwanja wa Kingston, zile 27, na ile mia ya Lucknow.

Na kabla ya kuposti hii nilimpigia mama, asije akasoma kwa simu ya jirani. Nikamwambia, Mum, haikuwa karo. Nilianguka, halafu nikakataa kurudia. Kimya. Nikasikia watoto wa chekechea nyuma yake wakipiga kelele.

"Ulianguka mangapi?"

"Matatu."

"Matatu tu?" Akashusha pumzi. "Miaka miwili nimekuwa nikifikiria kuna msichana, au polisi. Jaza hiyo karatasi. Na ile pesa ya chama bado nalipa, kwa hivyo andika vizuri."

Mistari minne. Nimetumia miwili.

Haya, komenti ziko wazi: kama wewe ni mteuzi, Konstas unamwita tena lini? Na usinihesabie vidole.